Kwa Nini Yule Kijana Alilia?



Juma hili nataka kuzungumza nanyi juu ya machozi. Sisemi machozi ya msiba, wala ya mtoto aliyeadhibiwa. Nasema machozi ya mtu aliyeketi salama kitini, mzima wa mwili, tena ameshiba, akitazama sinema ya watu wanaopiga muziki. Machozi hayo niliyaona kwa macho yangu hapa kwetu, komini ya Lubumbashi, na tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza yalitoka wapi.

Tuliyoyaona

Jioni moja tuliwakusanya wanafunzi wa madarasa ya juu pamoja na wazazi waliopenda kuja, tukatandaza kitambaa cheupe ukutani, tukawaonyesha filamu iitwayo Kinshasa Symphony. Hiyo si hadithi ya kubuni. Wajerumani wawili, Claus Wischmann na Martin Baer, waliitengeneza katika mji mkuu wetu, ikatolewa mwaka 2010. Inawaonyesha watu wa Okestra ya Kimbangu ya Kinshasa wakijifunza Simfonia ya Tisa ya Ludwig van Beethoven, kisha wakiipiga mahali pa wazi mbele ya umati wa watu.

Mwenye kuianzisha okestra hiyo ni Bwana Armand Diangienda. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuendesha ndege. Kazi hiyo ilipokwisha, alianza mwaka 1994 kuwakusanya watu waliopenda muziki, ingawa wengi wao hawakujua kusoma nota hata moja. Fidla zilikuwa chache kuliko mikono, basi zikashikwa kwa zamu: huyu akipiga, mwenzake angoja. Uzi ukikatika, walitafuta waya wa breki ya baiskeli, wakaufunga mahali pake. Kidogo kidogo kundi likakua, hata wapigaji na waimbaji wakafika kama mia mbili. Watu hao si matajiri wala hawakutoka katika vyuo vikubwa vya muziki. Mchana wako sokoni, dukani, katika karakana, na jioni huja mazoezini, wengine kwa mwendo mrefu wa miguu.

Kutoka hapa mpaka Kinshasa ni zaidi ya kilomita 1,500 hata kwa njia ya ndege. Ni wachache kati yetu watakaowasikia ana kwa ana. Basi filamu ndiyo iliyotuletea.

Jinsi watu walivyopokea

Nikiri kwamba mwanzoni nilikuwa na wasiwasi. Vijana wetu wamezoea muziki wenye kuchezeka, nao walipowaona waimbaji wakihangaika kutamka maneno ya Kijerumani, walicheka sana. Sikuwanyamazisha, maana hata wale waimbaji wenyewe walikuwa wakicheka.

Kisha ukafika mwahali ambapo umeme unakatika katikati ya mazoezi. Hapo jumba zima lilipiga kelele kwa sauti moja: “Eeeh!” Wazazi walicheka kuliko watoto. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nasi kitanda kile tunakilalia kila juma. Nilitazama nyuso za watu katika nuru ya ile sinema, nikaona kwamba tangu dakika ile hawakuwa tena wageni wa wale watu wa Kinshasa. Kicheko kile kilifungua mlango.

Mwishoni ukaja wimbo wenyewe. Yafaa niwaambie jinsi ulivyotungwa, kwa faida ya wale wasioujua. Simfonia hiyo ina sehemu nne, nayo huchukua zaidi ya saa moja. Katika sehemu tatu za kwanza kwaya haiimbi neno. Waimbaji hungoja karibu robo tatu ya saa. Katika sehemu ya nne ndipo wimbo wa furaha unapoingia, na hauingii kwa kishindo. Fidla kubwa zenye sauti nzito huuanza peke yake, polepole, kama mtu anayejiimbia akiwa njiani. Kisha wengine huupokea, na wengine tena, mpaka okestra nzima inaushika. Ndipo sauti za wanadamu zinaingia, zikiimba shairi la Friedrich Schiller la mwaka 1785, linalosifu furaha na undugu wa watu wote.

Jumba lilikuwa kimya. Mama mmoja aliyekuwa amekuja na kitoto mgongoni alisimama, akabaki amesimama mpaka mwisho. Wengine walitikisa vichwa. Na mvulana mmoja wa darasa langu, kijana mwenye nguvu, mchezaji hodari wa mpira, aliinama akaficha uso wake mikononi. Mabega yake yalikuwa yakitikisika. Wenzake walimwona. Taa zilipowashwa walianza kumdhihaki: “Tazameni, amelia kama mtoto mchanga!” Akakana, akasema ni vumbi, akatoka mbio.

Siku ya pili

Kesho yake niliwaomba wanafunzi waandike mistari michache: kila mmoja aseme alivyosikia moyoni, bila kuogopa alama. Sikutaka sifa, nilitaka kweli. Mmoja aliandika kwamba ngoma kubwa zilimtia hofu, akadhani mvua ya radi inakuja. Mwingine alisema hakusikiliza sana, kwa maana alikuwa akitazama mikono ya wapigaji, jinsi pinde za fidla zilivyopanda na kushuka pamoja kama majembe ya watu wanaolima shamba moja. Msichana mmoja alisema alimkumbuka mama yake anayeuza soko la Kenya, akatamani angekuwapo. Msichana mwingine aliandika hivi: “Mwalimu, mimi sikusikia kitu. Nilichoka.”

Huyo wa mwisho nilimsifu mbele ya wote. Kutosikia kitu si kosa. Kosa ni kujifanya umesikia, kwa sababu wengine wamesema muziki huo ni mkubwa.

Na yule mvulana? Alinipa karatasi tupu.

Mwili na moyo

Nilijiuliza: je, muziki una nguvu ya kumliza mtu yeyote, wa nchi yoyote, hata asipojua maana yake? Wataalamu wamelichunguza jambo hili kwa bidii. Mwaka 2009 Thomas Fritz na wenzake walitoa habari za Wamafa, watu wa milimani kaskazini mwa Kameruni, ambao walikuwa hawajapata kusikia muziki wa Ulaya. Waliposikilizishwa, waliweza kutambua mara nyingi, kuliko kwa kubahatisha, upi ni wa furaha, upi wa huzuni na upi wa hofu.

Lakini mwaka 2015 wataalamu wengine waliandika jambo linalokamilisha hilo. Walikwenda kwa Wambenzele, wakaaji wa misitu ya kaskazini mwa Kongo-Brazzaville, wakawapa kusikiliza vipande vya muziki wao na vya muziki wa Ulaya na Marekani. Kisha wakawapa watu wa Montreal, nchini Kanada, vipande hivyo hivyo. Mwili ulijibu kwa namna zinazofanana: muziki wa kusisimua uliwasisimua hawa na wale, na wa kutuliza uliwatuliza. Bali kwa habari ya uzuri na ubaya wa kile walichosikia moyoni, waliachana. Wambenzele waliuona muziki wao wote kuwa wa kupendeza, kwa kuwa kwao nyimbo ni za kuondoa hasira, hofu na majonzi, wala si za kuyaleta.

Hapo nilianza kuelewa. Ngoma ikilia kwa ghafula, moyo hupiga mbio, uwe wa mtu wa Vienna au wa Katuba. Mwili hausubiri kufundishwa. Lakini jina tunaloupa msukosuko ule, kwamba hii ni furaha, huu ni uchungu, haya ni majivuno mema, twalipata nyumbani kwetu, katika yale tuliyoyaishi na kuyajua. Machozi hutoka machoni mwa wote, lakini kila chozi lina kwao.

Jambo ambalo sikulijua kulisema

Jioni ile, watu walipokuwa wakitoka, mzee mmoja aliyefanya kazi reli miaka mingi alinishika mkono. Alikuwa ameketi kiti cha nyuma, kofia magotini, bila kusema neno. Akaniuliza: “Mwalimu, umewaambia watoto huyu kiongozi ni mjukuu wa nani?” Nikamwambia: “Baba, jina la okestra linasema lenyewe.” Akanijibu: “Jina linasema, lakini watoto hawakusikia. Waambie kwamba babu yake alifia hapa hapa kwetu.”

Mzee alisema kweli, nami niliona haya. Simon Kimbangu, ambaye Armand Diangienda ni mjukuu wake, alihubiri katika Kongo ya Chini kwa miezi michache tu, tangu Aprili mpaka Septemba mwaka 1921. Serikali ya Kibelgiji ilimkamata. Tarehe 3 Oktoba mwaka ule korti ya kijeshi katika mji wa Thysville, ambao leo ni Mbanza-Ngungu, ilimhukumu viboko 120 na kifo. Mfalme Albert I akaibadili hukumu ya kifo kuwa kifungo cha maisha. Akaletwa mbali sana na kwao, katika gereza la Elisabethville, yaani mji huu wetu, ulioitwa Lubumbashi tangu 1966. Hapa alikaa mfungwa miaka thelathini. Hapa alikufa, tarehe 12 Oktoba 1951. Mwezi Desemba 1959 ndipo serikali ilipolitambua kanisa lililofuata mafundisho yake, na mwaka 1960 mwili wake ukarudishwa Nkamba, alikozaliwa.

Sisi wasomaji wa gazeti hili si wa kanisa lake, na katika mambo makubwa ya imani tunaachana nalo. Lakini kweli haina kabila wala dhehebu. Tena haifai kuficha kwamba wamisionari wengi wa siku zile, Wakatoliki wakiwamo, waliitazama kazi yake kwa hofu, na wengine waliihimiza serikali imkomeshe. Mtu alikaa mjini mwetu miaka thelathini nyuma ya ukuta, na watoto wetu wanaopita njia zile zile hawalijui jambo hilo.

Sasa utazame tena mwisho wa ile filamu ukiwa na habari hii. Mjukuu wa mfungwa anasimama mbele ya watu, anainua mkono, na sauti nyingi zinaimba juu ya furaha na undugu. Nota hazikubadilika, na fidla ni zile zile. Lakini mtu wa Lubumbashi anayeijua habari hii husikia jambo ambalo mtu wa Berlin hawezi kulisikia vile vile. Mzee wa reli alilisikia. Mimi, mwalimu, niliyekuwa nimeitazama filamu hiyo mara mbili, sikulisikia mpaka aliponiambia.

Je, ni muziki wa Wazungu?

Baba mmoja wa mwanafunzi alinijia siku ile ile na neno jingine. “Mwalimu,” alisema, “mwacha asili ni mtumwa. Kwa nini mnawaliza watoto wetu kwa nyimbo za Wajerumani?” Swali lake ni la haki, wala silidharau.

Namjibu kwanza kwamba wimbo husafiri pande zote mbili. Mwaka 1958, kule Kamina katika Katanga hii yetu, Padre Guido Haazen pamoja na wavulana na walimu wa shule waliifanya Missa Luba, Misa ya Kilatini kwa sauti na ngoma za kwetu. Mwaka huo huo vijana hao waliimba Ubelgiji, Uholanzi na Ujerumani. Miaka kumi baadaye, Sanctus yao iliwekwa katika filamu ya Kiingereza iitwayo If...., ya Lindsay Anderson, na vijana wa Uingereza wasiojua Kamina iko wapi wakasikia sauti za watoto wa Kamina katika majumba ya sinema. Je, watu wale waliacha asili yao? Hapana. Walipokea zawadi.

Tena, mji huu una ukoo wake katika jambo hili. Joseph Kiwele, mzaliwa wa Mpala kando ya Ziwa Tanganyika, alijifunza kinanda na utungaji, akafundisha muziki hapa Elisabethville, akatunga Missa Katanga, na kabla ya kufa mwaka 1961 alikuwa waziri wa elimu katika serikali ya Katanga. Alizijua nota za Ulaya na nyimbo za wazee wake, wala moja haikumnyang’anya nyingine. Mwacha asili ni mtumwa, kweli. Lakini anayeongeza juu ya asili yake ni tajiri.

Na la tatu ni hili: filamu si sahani ya muziki. Ukisikiliza sahani, wasikia sauti tu, na waweza kudhani imetoka mbinguni au Ulaya. Katika filamu unaona jasho. Unaona uso wa mtu aliyechoka akihesabu zamu yake ili asiingie mapema na kuwaharibia wenzake. Mtu huyo huwezi kumwita Mzungu.

Wasimuliaji wanasema kwamba Simfonia hii ilipopigwa mara ya kwanza mjini Vienna, tarehe 7 Mei 1824, Beethoven mwenyewe alikuwa kiziwi. Watu walipiga makofi naye hakusikia, akiwa amewapa mgongo, mpaka mwimbaji mmoja, Caroline Unger, alipomshika na kumgeuza awaone. Mtungaji hakusikia kitu. Aliona tu mikono ya watu. Basi tusishangae kwamba nasi macho yalitusaidia kusikia.

Karatasi tupu

Juma moja lilipita, kisha yule mvulana alinijia baada ya masomo, wenzake walipokwisha kwenda. Akasema: “Mwalimu, nataka kujaza ile karatasi, lakini kwa mdomo.”

Nikamwambia aketi.

“Katika ile filamu,” alisema, “kuna fundi wa umeme. Umeme ukikatika mazoezini, yeye ndiye anayeitwa. Kisha anarudi, anashika fidla, anaendelea kupiga. Baba yangu ni fundi wa umeme. Watu humwita usiku nyumba yao ikiwa gizani. Taa ikiwaka wanafunga mlango. Wengine wanasema watalipa kesho. Mimi sijapata kumwona fundi wa umeme akipigiwa makofi na watu wengi hivyo.”

Akanyamaza kidogo, kisha akaongeza: “Nilimwonea haya baba yangu siku nyingi, Mwalimu. Kwa sababu ya mikono yake.”

Sikumjibu upesi. Nilimwuliza tu kama amemwambia baba yake. Akasema bado. Nikamwambia: “Anayepaswa kuisoma karatasi hii si mimi.”

Shauri langu

Wanafunzi wapenzi, msimcheke mwenzenu akilia mbele ya muziki. Hamjui chozi lake lina kwao wapi. Huenda analia kwa jambo ambalo wewe, kama ungelijua, ungelia kuliko yeye. Wala msijilazimishe kulia. Aliyesema “nilichoka” na aliyeficha uso wake, wote wawili walisema kweli, na muziki hauhitaji wafuasi wanafiki.

Wazazi, watoto wakiwaomba kutazama filamu ya namna hii, ketini nao. Msiwaache peke yao mbele ya kioo kidogo cha simu. Kabla haijaanza, waambieni ni watu gani hao, wametoka wapi, babu zao walipatwa na nini. Ikiisha, msiulize, “Mmeipenda?” maana watasema ndiyo, na maneno yatakwisha. Ulizeni, “Mmemkumbuka nani?” Hapo mtayasikia mambo ambayo hamkutazamia.

Nasi walimu tukumbuke kwamba mzee wa kiti cha nyuma, mwenye kofia magotini, huenda ndiye anayeshika ufunguo wa somo zima. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na mimi nilichelewa kuuliza.

Juma lililopita, wakati wa kufunga masomo, nilimwona mtu mmoja amesimama langoni mwa shule, amebeba mfuko wa vyombo vya kazi, akingoja. Yule mvulana alitoka na wenzake, akamwona, akaenda moja kwa moja kwake. Aliuchukua mfuko, akautia begani, wakaondoka pamoja.

Mwalimu wenu